Kesi ya Televisheni Mbili

Huku kwetu Mbaga, juu ya milima ya Upare, mtu hanunui kitu kikubwa mpaka kwanza agombane nacho. Mbuzi atafunguliwa mdomo aangaliwe meno, atapapaswa mbavu, atatembezwa huku na huku, na akishasifiwa na kila mpita njia, mnunuzi atajikung'uta suruali aseme anakwenda kuwaza. Shamba litapimwa kwa hatua za baba, kisha kwa hatua za baba mdogo, na kwa kuwa miguu ya baba mdogo ni mifupi, hapo hapo kesi imezaliwa. Watu wa tambarare hutucheka. Husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Sisi husema wana wivu. Lakini Aminieli alipoamua kununua televisheni, aliwapa wanaotucheka haki yao yote, na nyongeza juu.

Tuanze na mkewe, Faustina, maana yeye ndiye aliyekuwa na macho mazima na hakuyatumia.

Faustina na Aminieli walikuwa wamebaki na mtoto mmoja nyumbani, Jesca, wa darasa la nne. Ng'ambo ya migomba ilikuwa nyumba ya Jackson, mdogo wake Aminieli, na mkewe Miriam, mama wa Wilson mdogo. Umeme ulipopanda mlimani, Jackson alikuwa wa kwanza kitongojini kuleta televisheni kubwa, na Miriam akawa wa kwanza kuitangaza. Kila jioni watoto walijazana sebuleni kwake kama maharage kwenye debe, na Jesca alikuwamo. Mbele kabisa.

"Mama Jesca," Miriam alimwambia Faustina siku moja wakichota maji, kwa sauti ya kufika bomba la tatu, "mwanao yule anaangalia televisheni kwa pua. Wenzake wote jana wameangalia kisogo chake. Mfundishe adabu, au mnunulieni ya kwake aibusu vizuri."

Wanawake wakacheka. Faustina alicheka nao, maana ukikataa kucheka unaongezewa. Lakini alipofika nyumbani alimshika Jesca sikio.

"Kwa nini unakwenda kukaa kwenye kioo cha watu?"

"Nikikaa nyuma sioni vizuri, mama."

Sasa, hapo mzazi mwenye akili zake angesimama. Angeweka ndoo chini. Maana mwalimu wa darasa alikuwa amekwisha kumsimamisha Faustina nje ya kanisa akamwambia, "Mama, huyu binti nikimwambia asome ubaoni anamsikiliza jirani kwanza. Mpelekeni bondeni akapimwe macho." Faustina akajibu, "Tutampeleka, mwalimu, tukimaliza palizi." Palizi ikaisha ikaja mavuno, mavuno yakaisha ikaja tangawizi, na tangawizi haina mwisho.

Kulikuwa pia na habari ya ndiva. Bwawa letu la maji ya mashamba, hiyo ndiva, liko juu ukingoni mwa msitu. Hufungwa jioni lijae, hufunguliwa asubuhi, na mwenye zamu ya kufungua husimamisha kitambaa cheupe juu ya mlingoti ili walio chini wajue maji yanakuja wazibue mifereji yao. Jesca aliwekwa kwenye tuta asubiri kitambaa. Kitambaa kikapandishwa, kikapepea, maji yakashuka, yakapita mbele ya shamba la baba yake kama mgeni asiyekaribishwa, yakaenda kwa watu wengine. Mtoto alikuwa amesimama wima, uso umeelekea msituni, macho wazi. Aminieli akasema alikuwa amelala kwa kusimama kama farasi, akamchapa. Mahindi yale yalikauka yakiwa yanatoa mbelewele. Faustina alimkanda mtoto kwa maji ya moto, akamwambia siku nyingine aache usingizi.

Kwa hiyo alipoambiwa "sioni vizuri," hakuweka ndoo chini. Alimpelekea mumewe maneno hayo kama mtu apelekaye zawadi.

"Baba Jesca, mtoto anasema kwenye televisheni ya kina Jackson haoni vizuri."

Aminieli aliacha kijiko ndani ya makande. Uso ukamng'aa. "Nilisema! Si nilisema? Jackson alikimbilia bei. Ile televisheni yake ni kubwa ya kawaida, siyo HD. Picha yake ina ukungu. Ndiyo imemharibu mtoto macho!"

Na Faustina, aliyekuwa bado anasikia kicheko cha bombani masikioni, aliona maneno yale ni matamu kuliko sukari. Mtoto hana kosa, wao hawana kosa, mwenye kosa ni Miriam na kioo chake. Maneno yanayomshitaki jirani hayaombi ushahidi.

"Basi tununue yetu," alisema. "HD."

"Tutawaza," alisema Aminieli.

Waliwaza mpaka ukoo mzima ukawaza nao. Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp mtu wa Shighatini akasema kawaida inatosha, picha ni picha. Mwingine wa Kihurio akasema mpunga wake umemfundisha kwamba kitu cha bei rahisi hununuliwa mara mbili. Binamu mmoja wa Dar es Salaam akatuma sauti ndefu kwamba HD yenyewe imekwisha kuzeeka, mjini watu wako mbali. Aminieli akasema huyo atolewe kwenye kundi.

Hatimaye mume na mke walishuka Same. Wakaingia duka moja karibu na stendi, Aminieli amevaa koti la kanisani ili asidharauliwe. Aliyewapokea ni kijana muuzaji aitwaye Rashidi, mwenye meno mazuri na maneno mazuri zaidi.

"Karibu mzee, shikamoo. Shikamoo mama. Niwaonyeshe inchi ngapi?"

"Marahaba. Kwanza tuambie ubaya wake," alisema Aminieli.

"Ubaya?"

"Uzuri tutauona wenyewe."

Rashidi alikuwa akiwauzia vitu watu wa mlimani tangu azaliwe, hakutikisika. Akawasimamisha mbele ya televisheni mbili za ukubwa mmoja. "Hii ya huku ni ya kawaida. Picha ipo, sauti ipo, haina maringo. Hii nyingine ni HD. Hapa mzee mpira ukichezwa unaona mpaka jasho la mchezaji."

"Jasho la mtu mwingine nilione la nini? La kwangu linanitosha."

"Unaona mpaka nyasi, moja moja."

"Nyasi nimeziacha nyumbani."

Faustina akasogea. "Mwanangu, na macho je? Tuna mtoto, kwenye ile ya kawaida haoni vizuri."

Rashidi aligeuka taratibu, kama mvuvi aliyehisi uzi umekazwa. "Mama," alisema kwa huruma, "hapo umegusa penyewe. Ya kawaida inayachosha macho. HD inayapumzisha. Mimi siwezi kuita dawa, mimi si daktari. Lakini wewe mwenyewe angalia."

Faustina aliangalia. Aliona simba akipiga miayo mpaka meno ya nyuma. Akaamini. Mtu akikuuzia kile ulichokwisha kujiuzia mwenyewe, kazi yake ni kupokea tu.

Aminieli hakuamini simba. "Hapa dukani kila kitu kinang'aa. Hata wewe unang'aa. Kule kwetu je? Tupandishie zote mbili. Tutaziwasha pamoja, itakayoshindwa itashuka."

"Zote mbili, mzee?"

"Mbuzi hanunuliwi kwa picha."

Rashidi akampigia simu mwenye duka. Mwenye duka akacheka mpaka akasikika nje ya simu, akakubali: mzee alipie gari, na Rashidi apande na televisheni zake, alale nazo kama mchungaji, ashuke nazo au na jibu.

Jumapili baada ya ibada ukoo ulikaa sebuleni kwa Aminieli. Mwenyekiti alikuwa Mzee Simeoni, baba mkubwa wa Aminieli, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Maisha yake yote alikuwa ameandika hukumu za watu wengine. Alipostaafu akaanza kutoa za kwake. Aliwekewa meza, kitambaa, na chai ya tangawizi. Mbele yake ukutani zilisimama televisheni mbili, ya kawaida kushoto na HD kulia, zimeunganishwa kwenye king'amuzi kimoja kilichoazimwa kwa Jackson. Rashidi alisimama katikati yake kama mshenga mwenye mabinti wawili.

"Shauri lililo mbele yetu," alisema Mzee Simeoni, "ni kama televisheni ya kawaida inadhuru macho ya mtoto, na kama HD inayaponya. Washa."

Rashidi akawasha. Mechi ikatokea mara mbili.

Watu wakakodoa macho. Maana ukweli ni kwamba zilifanana. Kilichokuwa kinaingia kwenye king'amuzi kilikuwa picha ya kawaida, tena iliyochoka kwa kupanda milima, na HD haikuwa na la kufanya ila kuuonyesha uchovu ule kwa uaminifu zaidi. Rashidi alilijua hilo na alitazama dari. Lakini nani angesema? Anayesema hazina tofauti ataonekana hajui vitu vya kisasa, au macho yake mabovu.

"Ah, hii ya kulia bwana," alianza mzee mmoja kwa tahadhari. "Watu wake wamenawa."

"Wamenawa kabisa," akaunga mkono mwingine. "Hawa wa kushoto ni kama wametoka palizi."

"Msiwasingizie!" Miriam alidakia, maana ya kushoto ilikuwa ndugu wa ile yake. "Hii ya kawaida rangi zimetulia. Hiyo HD inapiga kelele. Mtu mwenye nyumba ya heshima hawezi kukaa na rangi za namna hiyo mbele ya wakwe."

"Mama Wilson," alisema Faustina, "sema tu unaona aibu ulinunua ukungu."

"Ukungu wangu mwanao anaubusu kila jioni!"

"Utulivu barazani!" Mzee Simeoni aligonga meza, chai ikaruka. "Aitwe shahidi. Mtoto aliyedhurika ndiye anayejua kinachomdhuru. Jesca binti Aminieli, simama pale mlangoni, mbali, tusije tukaambiwa alinusa."

Jesca akasimama mlangoni kwa gauni la kanisani, mikono nyuma.

"Shahidi, kwenye hii ya kushoto unaona nini?"

"Mpira, babu."

"Na ya kulia?"

"Mpira."

"Ipi inaonekana vizuri?"

Jesca alielekeza uso upande alikokohoa baba yake. "Hiyo ya baba."

Watu wakacheka kwa furaha, Aminieli akavimba. Lakini Mzee Simeoni hakukaa mahakamani bure. "Zimeni sauti," alisema. "Shahidi asifundishwe na mtangazaji."

Rashidi akazima sauti. Wakati huo huo mapumziko yakafika, mpira ukaondoka, likaja tangazo: mwanamke mnene mwenye kilemba cha njano akisugua sufuria, povu limefika viwikoni, mara mbili, kushoto na kulia.

"Haya, shahidi. Sasa kunatokea nini?"

Jesca alisogeza uso mbele kidogo. "Anakimbia na mpira," alisema. "Amewapita wawili."

Nyumba ililipuka. Mzee aliyesema watu wamenawa aliangukia bega la mwenzake. "Kampita sufuria! Na mwiko!" Miriam alifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Faulo! Ameshika povu!" Hata Rashidi aligeukia ukuta mabega yakimtikisika. Na Jesca naye alicheka, akimgeukia kila aliyecheka zaidi, kicheko cha mtu anayefuata nyuma ya wengine gizani asiachwe.

Faustina alikuwa amebeba sinia la chai. Kicheko kile cha mwanawe alikuwa amekisikia mara nyingi. Alikisikia kanisani mchungaji alipofanya vituko vya mikono. Alikisikia shuleni siku ya wazazi. Siku zote alijisemea, mtoto wangu ana furaha.

"Ushahidi unafutwa," alitangaza Mzee Simeoni. "Shahidi anadanganya. Tunaendelea na wajumbe."

"Jesca," aliita Faustina.

"Abee mama."

"Nimenyoosha vidole vingapi?"

Mtoto alikunja uso, akapiga hesabu ya kukisia. "Vitatu."

Faustina hakuwa amenyoosha kidole. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye sinia.

Kicheko kiliisha vipande vipande, kwanza mbele kisha nyuma. Faustina akaweka sinia juu ya meza ya mahakama, juu ya kitambaa cha Mzee Simeoni.

"Rashidi, gari lako linashuka lini?"

"Kesho alfajiri, mama."

"Mimi na mtoto tumo."

"Mama Jesca, kikao hakijafungwa," alisema Mzee Simeoni. "Hatujapiga kura."

"Pigeni, baba. Wenye macho na wapige kura."

Wakapiga. Msifikiri waliacha. Alipotoka na mtoto uani, Faustina aliwasikia nyuma yake wakihesabiana mikono, na HD ikashinda kwa wingi mkubwa, na Mzee Simeoni akasoma hukumu kwa sauti ya mahakama ya Same mjini.

Alfajiri Aminieli alitokea na koti lake la kanisani, akapanda nyuma ya gari. Njia nzima ya kushuka alimshika mtoto kwa mkono wake wa kulia, mkono ule ule aliomchapia.

Mtaalamu wa macho wa Same, kule bondeni, alikuwa mwanamke wa makamo, hana haraka. Alimkalisha Jesca, akamziba jicho hili, akamziba lile, akambadilishia vioo. Kisha akawageukia wazazi.

"Jicho la kulia ni la miwani. Akivaa atasoma ubao bila shida. La kushoto limekuwa dhaifu toka utotoni, na kwa kuwa hakuna aliyelisaidia, ubongo umeliacha. Umezoea kufanya kazi bila hilo. Tutaziba la kulia saa chache kila siku tulilazimishe la kushoto, lakini nisiwadanganye. Angeletwa kabla hajaanza shule, tungezungumza mengine."

"Siyo televisheni?" aliuliza Aminieli, sauti ndogo.

"Televisheni gani?"

"Ya kawaida. Ile isiyo HD."

Yule mwanamke aliweka vioo vyake chini. "Baba, mtoto hakuharibiwa na televisheni. Alikuwa anaisogelea kwa sababu haoni. Alikuwa anawaambia." Kisha akaongeza, "Mna watoto wengine kwenye ukoo? Wadogo? Waleteni. Mambo haya hupenda kutembea kwa ndugu, na mdogo ndiye mwenye nafasi ya kupona."

Faustina alikuwa amejiandaa kulia. Maneno yale ya mwisho yakamkausha machozi. Jackson na Miriam walikuwa na Wilson, aliyekuwa bado anajifunza kufunga vifungo vya shati.

Televisheni ikajiamulia yenyewe. Miwani iligharimu, na kurudi kliniki kungegharimu, na tofauti ya bei kati ya HD na ile ya kawaida ilikuwa pale pale inawatazama. Aminieli akampigia Rashidi aje aichukue HD, amletee tena ile ya kawaida, kinyume cha hukumu ya ukoo. Mzee Simeoni alisema katika maisha yake hajaona dharau kama ile. Miriam alipita makusudi mbele ya mlango.

"Kumbe mmechukua kama yetu! Karibuni kwenye ukungu."

Lakini Faustina siku ile ile aliyorudi kutoka Same alikuwa amefanya jambo baya zaidi ya hilo. Alipita moja kwa moja mpaka uani kwa Miriam, pochi bado begani, akamkuta Wilson anasukuma tairi. Akamwita, akampa biskuti, akamziba jicho la kulia kwa kanga.

"Wilson, njoo kwangu."

Mtoto akaenda, akacheka, akaingia kwenye mgomba.

Miriam alitoka jikoni na mwiko. "Unamfanya nini mwanangu? Unamziba macho mwanangu?"

"Mama Wilson, nisikilize. Jicho lake la kushoto..."

"La kushoto limefanya nini? Umezaa wako kipofu unataka wangu awe mwenzake? Toka!"

"Akipelekwa sasa hivi anapona. Wa kwangu nimechelewa."

"Toka kwangu na uchuro wako!"

Wiki ile ile Miriam alifungua shauri kwa Mzee Simeoni: kumpima mtoto wa mtu bila idhini ya wazazi, na kumtakia mabaya. Na kwa kuwa mzee alikuwa bado ana kidonda cha hukumu yake ya HD, alilipokea kwa mikono miwili. Wilson, kwa tahadhari, alipigwa marufuku kukanyaga kwa baba yake mkubwa, Aminieli. Miriam aliwaambia watu bombani kwamba macho ya mwanawe ni mazima, ila kama kweli yana uchovu kidogo, basi Jackson atashuka Same kununua HD.

Kila siku Faustina alimwona Wilson ng'ambo ya migomba, anakimbia, anajikwaa upande ule ule. Kila jioni alimziba Jesca jicho la kulia, na mtoto akakaa na jicho lililobaki, akipapasa kikombe, akisema "nimekiona, mama, nimekiona," na Faustina sasa alijua sauti ya kubahatisha. Usiku wa watu wengine ni usingizi. Wake ulikuwa hesabu ya miezi iliyombakia Wilson kabla ya kuanza shule.

Kikao kilipokaa, sebule ya Mzee Simeoni ilijaa mpaka dirishani. Watu walikuja na mito ya kukalia. Kesi ya mama wawili huku kwetu hudumu kuliko msiba: mshitakiwa atakana, ataleta mashahidi, atakumbusha mbuzi wa marehemu babu, itaahirishwa, itarudi. Wengine walikuwa wamekwisha kuomba majirani wawafungie ng'ombe.

"Faustina mke wa Aminieli," alisema Mzee Simeoni, akisafisha koo kwa safari ndefu, "unashitakiwa kwamba ulimpima mtoto Wilson bila ruhusa. Unasemaje?"

"Ni kweli, baba. Nimekosa."

Mzee alisubiri sentensi iendelee. Haikuendelea.

"Umekosa... lakini?"

"Hakuna lakini. Nimekosa. Nitozeni mnachotaka."

Ukoo ulichanganyikiwa. Mtu mmoja dirishani aliuliza kama mwanamke yule ni mgonjwa. Katika kumbukumbu za kitongoji hakuna aliyewahi kuona Mpare akikubali kosa kabla ya chai. Miriam alikuwa amekuja na maneno ya siku nzima, akabaki nayo mdomoni kama mtu aliyejiegemeza kwenye mlango ukafunguliwa.

"Asikubali hivi hivi!" alipiga kelele. "Aseme kwa nini alimtakia mwanangu upofu!"

"Mama Wilson," alisema Faustina, "mimi kesi nimeshindwa. Faini nitalipa. Wa kwangu mwalimu aliniambia, nikasema palizi. Akaniambia mwenyewe kwa mdomo wake, mama sioni, nikaenda kununua televisheni. Wewe umeambiwa. Sasa uchague utasema nini."

Mzee Simeoni alikuwa anatafuta mahali pa kuandika "amekiri" na hapakuwa na nafasi, maana alikuwa ameacha mistari mingi kwa ubishi tu. Hapo Jackson alisimama. Jackson si mtu wa maneno. Hata televisheni yake aliinunua akinyamaza. Alimwita Wilson akamsimamisha katikati ya sebule, akamziba jicho la kulia kwa kiganja chake kikubwa. Mkono wa pili akavua kofia yake ya sufu, akainyoosha mbele.

"Wilson, baba ameshika nini?"

Mtoto aligeuza uso huku, akaugeuza kule. Alianza kutabasamu tabasamu la kungojea wengine wacheke.

"Kofia," alinong'ona Miriam. "Sema kofia, mwanangu. Kofia."

"Kofia!" alisema Wilson kwa nguvu.

Hakuna aliyecheka. Jackson hakuondoa kiganja. Alimtazama mkewe mpaka mkewe akatazama chini.

"Sikukuuliza wewe, Mama Wilson," alisema. Kisha, bila kuondoa kiganja kwenye jicho la mtoto, akamgeukia Faustina. "Shemeji, gari la kushuka Same kesho linapita saa ngapi?"